Mtazamaji Hana Mikono: Hotuba Kuhusu Filamu ya Katuni ya Street Fighter II

Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi jioni mbele ya wachora katuni na wapenzi wa filamu hapa Dar es Salaam. Wengi walikwama kwa sababu ya mvua na foleni, wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka kinywani, pamoja na utani wake. Vipande vya picha nilivyoonyesha ukutani havimo. Palipobidi nimeeleza kwa maneno.

Ndugu Mwenyekiti, wazazi mliokuja kuhakikisha kwamba watoto wenu kweli wako mkutanini, wachora katuni, na nyie wadogo zangu mliojibanza kule nyuma karibu na mlango: habari za jioni?

Mwenyekiti amenitambulisha kuwa mimi ni mwalimu wa karate. Ni kweli. Hajawaambia kwamba kuchora sijui hata kuku. Kwa hiyo msitegemee niwafundishe kushika kalamu. Nimekuja na jicho la mtu ambaye kazi yake ni kutazama miguu ya watu wengine mpaka usiku.

Nianze na swali. Nani hapa amewahi kucheza Street Fighter? Inueni mikono. Haya, karibu ukumbi mzima, hata mama pale mbele, hongera mama. Sasa nani ameiona filamu ya katuni iliyotengenezwa kutokana na gemu hilo mwaka 1994? Mmeona? Mikono imeshuka. Imebaki michache.

Hiyo filamu ndiyo nitakayoizungumzia. Na nitasema jambo moja tu, nikilizunguka kwa njia tofauti: mchezaji wa gemu ana mikono, mtazamaji wa filamu hana mikono. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini filamu nyingi zilizotokana na magemu zilianguka, na kwa nini hii ilisimama.

Turudi nyuma kidogo. Kampuni ya Capcom ya Osaka, Japani, ilitoa Street Fighter ya kwanza mwaka 1987. Haikutikisa dunia. Mwaka 1991 wakatoa ya pili, na wabunifu wake wakuu walikuwa Akira Nishitani na Akira Yasuda. Hiyo ya pili ndiyo iliyojaza watu kwenye mashine za sarafu kuanzia Tokyo mpaka New York. Wapiganaji 8 wa kuchagua, na wakubwa 4 wa kuwakuta mwishoni. Kijiti kimoja cha kuelekeza na vitufe 6: ngumi 3, mateke 3, kila kimoja na nguvu yake.

Hadithi yake ilikuwa wapi? Niambieni, hadithi ilikuwa wapi? Haikuwepo! Yaani ilikuwepo mistari miwili mitatu tu ya maandishi, nayo uliipata ukishamaliza gemu. Mpiganaji Chun-Li anatafuta haki ya baba yake. Guile anatafuta haki ya rafiki yake Charlie. Ryu hatafuti kitu, anatafuta mpinzani. Basi. Ungeandika yote nyuma ya tiketi ya daladala.

Na hakuna aliyelalamika. Kwa nini? Kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Wanaojua wanajua: kijiti chini, kizungushe kidogo kwenda mbele, malizia mbele, gonga ngumi. Hadouken! Ule mpira wa nguvu ukitoka, hakuna aliyekuhadithia kwamba Ryu ni hodari. Umemfanya wewe. Na ukipigwa, umepigwa wewe, mbele ya wenzako, na sarafu yako imeliwa.

Kuna kisa kuhusu gemu hili nakipenda sana. Mmoja wa watengenezaji, Noritaka Funamizu, alikuwa akikagua ile raundi ya ziada ambapo mchezaji anavunja gari. Akaona ajabu: ukipiga kwa wakati wake barabara, pigo moja linaingia ndani ya jingine, na adui hapati nafasi ya kujikinga. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Lilitokea tu ndani ya programu. Waliona ni vigumu kwa mchezaji kulifanya, wakaliacha. Hilo pigo juu ya pigo, ambalo leo kila gemu la ngumi duniani limejengwa juu yake, lilianza kama kasoro iliyoachwa ipite. Nani aliyeligeuza kuwa sanaa? Mikono ya wachezaji. Vijana waliosimama mbele ya mashine mpaka vidole vikaota sugu.

Sasa chukua kitu kama hicho, kitu ambacho uhai wake wote uko kwenye vidole, halafu mwambie mtu akifanyie filamu. Mkae gizani, mikono mapajani, mtazame. Mnaona ugumu ulipo?

Kazi alipewa Gisaburo Sugii, na hapo pana jambo la kushangaza. Sugii hakuwa mtu wa picha za kung fu. Alizaliwa mwaka 1940, akakulia katika studio za mwanzo kabisa za katuni za Japani. Alikuwa ameongoza mfululizo wa televisheni kuhusu wanafunzi wa besiboli na mapenzi yao, na filamu ya mwaka 1985 yenye paka wanaosafiri kwa treni kati ya nyota, filamu ya polepole, tulivu, karibu isiyo na vurugu yoyote. Mtu huyo ndiye aliyepewa Street Fighter. Ningekuwa mimi mwenye fedha, ningeogopa.

Lakini tazameni anavyoanza.

Ni usiku. Uwanda wa nyasi. Upepo. Radi zinapiga kwa mbali, kisha karibu. Watu wawili wamesimama: Ryu, mwenye suti nyeupe ya karate iliyochanika mabegani, na Sagat, bondia wa Kithai, mrefu kama mnazi, jicho moja limefunikwa. Hakuna anayesema wao ni nani. Hakuna anayesema kwa nini wanapigana. Nyasi zinalala kwa upepo, na wao wanatazamana.

Wachora katuni, naomba mnisikilize hapa kwa sababu hapa ndipo penye kazi yangu. Kwenye gemu, Ryu anasimama akidunda dunda, hachoki, na teke lake ni picha chache zinazojirudia. Teke la kwanza la asubuhi na teke la mia la usiku ni lile lile. Mwili wa kweli haufanyi hivyo. Mwili wa kweli ukirusha teke likakosa, uzito unakwenda nalo, na lazima uulipie: nyonga inafunguka, mguu uliobaki chini unateleza, mgongo unabaki wazi kwa nukta moja. Nukta hiyo moja ndiyo ninayowafundisha wanafunzi wangu kuitafuta. Sasa katika pigano lile la mwanzo, kila pigo linalokosa lina gharama. Sagat anapiga, Ryu anapisha, na unamwona Sagat akiurudisha mwili wake. Huo uzito! Kidole chako hakipo kwenye kitufe, lakini mwili wako kwenye kiti unajikaza. Niliwaona nyie hapa nilipoonyesha kile kipande: kuna kijana wa safu ya tatu bega lake lilicheza. Usione aibu, mdogo wangu. Ndivyo ilivyokusudiwa.

Halafu Ryu anapanda na ile ngumi ya kuruka, Shoryuken, na kifua cha Sagat kinapasuka. Wachezaji mnalijua kovu lile. Kwenye gemu la pili Sagat tayari analo, kovu refu kifuani, na maelezo yake ni sentensi moja. Filamu imekwenda kulichukua kovu, ikarudi nyuma mpaka siku lilipopatikana. Sagat, damu ikimtoka, anamjia Ryu kwa hasira kama treni. Na hapo tu, baada ya dakika zile zote, Ryu anakusanya mikono ubavuni, na Hadouken inatoka.

Mkicheza, Hadouken mnarusha ngapi kwa dakika? Nyingi mno, mpaka mpinzani anakutukana. Katika filamu Sugii anaibana. Inaonekana mara chache sana kwa Ryu. Kwa sababu gani? Kwa sababu mtazamaji hana mikono. Kitu ambacho mchezaji anakipata kwa kukirudia rudia, mtazamaji anakipata kwa kunyimwa. Mnyime, mnyime, halafu mpe.

Tena watengenezaji hawakuishia kwenye kuchora tu. Waliwaita watu wa ulingoni kuwasaidia kupanga mapigano: Andy Hug, Mswisi wa karate ambaye mwaka 1996 alikuja kutwaa ubingwa wa K-1, yale mashindano ya ngumi na mateke ya Japani, na Masaaki Satake, Mjapani wa mchezo huo huo. Watu wanaojua goti linaumia wapi. Nyie wenye studio ndogo mtasema, mwalimu, sisi tutampata wapi bingwa? Mabingwa wa ngumi wamejaa Manzese na Tandika, na wengi wao ukiwapa nauli na chakula cha mchana watakuonyesha mpaka jua lizame. Nendeni na simu zenu mkawapige picha.

Nisonge mbele. Pana tatizo la pili, nalo ni la steringi.

Sisi tuliokulia kwenye kibanda umiza tunajua sheria: steringi hafi. Ukiingia umechelewa unauliza tu, steringi nani? Ukishaonyeshwa, umetulia. Sasa katika Street Fighter steringi nani? Yeyote unayemchagua! Mimi nikimchukua Blanka, steringi ni Blanka. Wewe ukimchukua Dhalsim, ni Dhalsim. Mwaka 1993 wakaongezwa wengine 4, Cammy, Fei Long, T. Hawk na Dee Jay, kwa hiyo filamu ilikuwa na watu 16, na kila mmoja ana mashabiki wanaoamini ndiye mwenye picha.

Sugii alifanyaje? Alimchukua Ryu akampoteza. Nasema kweli: steringi wa filamu hii haonekani sana. Anatembea duniani na begi lake begani, hana simu, hana anwani. Bison, mkuu wa genge la Shadowlaw, anamtaka amfanye silaha yake. Chun-Li wa Interpol na Guile wa jeshi la Marekani wanamtafuta wamwonye. Ken, rafiki yake wa utotoni waliyefundishwa pamoja, anamkumbuka. Wote wanazunguka pengo lenye umbo la Ryu. Na Bison anapomkosa, anamchukua Ken, kwa kuwa uwezo wao ni mmoja, anamvuruga akili na kumtuma ampige ndugu yake. Hapo ndipo hadithi inapouma.

Siwezi kuwadanganya kwamba wote 16 wametendewa haki. Dee Jay, Zangief na Blanka wamealikwa kama wageni wa harusi wanaofika, wakala pilau, wakapanda gari. Cammy anaanza kwa kishindo, anaua waziri wa Uingereza hadharani akiwa hajitambui, kisha anasahauliwa. Ukiwa shabiki wa Cammy, pole.

Lakini Chun-Li! Jamani, Chun-Li. Huyu ndiye mwanamke pekee katika lile gemu la 1991, na wapo wavulana waliokuwa wakimchagua kwa kuona haya. Filamu imempa pigano lililo bora kuliko yote, na wengi wanaolipenda kuliko la Ryu na Bison la mwisho wana haki. Yuko nyumbani kwake, New York, usiku. Vega, yule Mhispania mwenye makucha ya chuma na barakoa, ameingia ndani. Hakuna uwanja, hakuna watazamaji, hakuna kengele. Ni sebule. Samani zinageuka ngao, kuta zinageuka sakafu. Anakatwa, anavuja damu, anaogopa, na anaendelea kupiga. Mwalimu wa karate nakwambieni: hilo ndilo pigano la kujihami linalokaribia ukweli kuliko yote kwenye filamu ile, kwa sababu nafasi ni finyu na hakuna anayepiga kwa urembo. Mwishoni mateke yake ya mfululizo, yale ambayo kwenye gemu unayapata kwa kugonga kitufe haraka haraka kama kichaa, yanamtoa Vega nje kupitia ukutani. Naye Chun-Li anaanguka, hajitambui. Ameshinda na yuko mahututi. Gemu haliwezi kukuonyesha hivyo. Kwenye gemu ukishinda unaruka ruka na kucheka.

Kabla ya pigano hilo kuna sehemu ya bafuni ambayo haikuhitajika. Nchi nyingine waliikata, na waliokata hawakupoteza chochote cha hadithi. Tena mimi naona inamwibia yule dada heshima dakika chache kabla ya kumpa heshima kubwa. Wachoraji, mkifika mahali kama hapo, jiulizeni mnamchorea nani.

Na Guile je? Ametembea filamu nzima na hasira ya rafiki yake aliyeuawa. Tunasubiri kisasi. Anakutana na Bison, anampiga kwa nguvu zake zote. Bison hata hatingishiki. Anamwangusha, anamwacha pale, anaendelea na shughuli zake kana kwamba amepita karibu na kichaka. Kwenye mashine ya sarafu ukipigwa hivyo, uso wako uliovimba unatokea, namba zinahesabiwa kurudi nyuma kutoka 9, na wewe unapekua mfuko. Guile hana sarafu ya pili. Nikikumbuka wanafunzi wangu waliopoteza pigano walilolingojea mwaka mzima, namwelewa Guile kuliko mtu yeyote kwenye filamu.

Sasa niwaonyeshe kitu ambacho watu wengi hukiruka. Katika filamu nzima kuna mtazamaji mmoja asiyechoka. Shadowlaw wana roboti wenye umbo la watu, wanaosimama pembeni ya kila pigano, Calcutta, Seattle, popote, wakirekodi. Tunaona kwa macho yao: mwili wa mpiganaji, namba zinapanda, kipimo cha nguvu. Hawapigi. Hawajui maumivu. Wanahesabu.

Hao ni nani? Nawauliza, hao ni nani? Kuna mtu pale amesema, "Ni sisi." Naam. Ni sisi tuliokaa bila mikono. Na kama mnadhani natia chumvi, sikilizeni: mwaka 1995 Capcom walitoa nchini Japani gemu lililotokana na filamu hii. Si gemu la kupigana kama lile la mwanzo. Mchezaji anakuwa yule roboti! Kazi yako ni kutazama vipande vya filamu na kukusanya taarifa za mapigo ya wapiganaji, na mwishoni kabisa ndipo unapata mwili wa kupigana na Ryu. Gemu limekuwa filamu, filamu imekuwa gemu la kutazama. Wakati ule wengi waliona ni upuuzi, na kama gemu si la kukukesha. Lakini wazo lake linanitembea kichwani. Leo vijana wanakaa saa nzima wakitazama wengine wakicheza magemu kwenye simu. Wale roboti walitangulia.

Niseme kidogo kuhusu sauti, kwa sababu najua hapa wamo wanaotaka kuanza kutia sauti za Kiswahili.

Filamu ya Kijapani ina wimbo wa Ryoko Shinohara uliotungwa na Tetsuya Komuro, wimbo mtamu wa mapenzi na ujasiri. Uliuza nakala zaidi ya milioni 2 kule kwao. Filamu ilipopelekwa kwa wanaozungumza Kiingereza, muziki mwingi uling'olewa, ukawekwa roki nzito ya wakati ule: Korn, Alice in Chains na wenzao. Pigano la Chun-Li likisindikizwa na muziki mmoja, unaogopa. Likisindikizwa na mwingine, unachangamka. Michoro ni ile ile.

Hata majina yalizunguka. Yule mtawala mwenye kofia tunayemwita Bison, Japani ni Vega. Tunayemwita Vega, Japani ni Balrog. Na yule bondia tunayemwita Balrog, Japani ndiye M. Bison, na amefanana na Mike Tyson mpaka Capcom wakahofia kesi Marekani. Wakayazungusha majina matatu, mambo yakaisha. Kwa hiyo ukitazama toleo la Kijapani usishangae, hujalewa.

Wazee wenzangu mtanielewa. Sisi tuliiona dunia kwa sauti ya Lufufu, ndugu Derek Mukandala, aliyezitia filamu za kigeni maneno ya Kiswahili. Wakenya wakaipata kwa DJ Afro. Mchina anafungua kinywa, anatoka Mswahili wa Kariakoo, ana shemeji, ana deni, anamtishia adui kumpeleka kwa mjumbe. Maneno hayo hayakuwa kwenye mkanda. Je, ilikuwa kuiharibu filamu? Wasomi watabishana. Mimi najua kwamba Lufufu aliwarudishia mikono watu wasiokuwa nayo. Ukumbi mzima ulikuwa unajibu, unabisha, unaonya: "Nyuma yako!" Wale wa toleo la Kiingereza walibadilisha muziki, Lufufu alibadilisha ukumbi.

Mwaka ule ule wa 1994, mwezi Desemba, ilitoka filamu nyingine ya Street Fighter, ya waigizaji wenyewe, na Jean-Claude Van Damme akiwa Guile. Sitaki kuipiga teke, imeshapigwa vya kutosha. Ilirudisha fedha zake. Na Raul Julia, aliyecheza Bison, alikuwa mgonjwa na akafariki Oktoba mwaka huo kabla haijaonyeshwa. Alimcheza yule dikteta kwa raha na ufundi ambao filamu yenyewe haikuustahili. Lakini walikuwa na Van Damme, kwa hiyo wakamfanya Guile steringi, na Ryu na Ken wakageuzwa matapeli wawili wa mjini. Walikuwa na sare, majina, rangi za nywele, vyote kutoka kwenye gemu. Mapigano yenyewe ukiyatazama, teke halina bei. Linakosa, maisha yanaendelea.

Nakaribia mwisho, Mwenyekiti, nimeiona saa yako.

Mwaka 1997 Capcom walitoa Street Fighter III, na humo wakamweka msichana kutoka Kenya. Jina lake Elena. Binti wa chifu, mrefu, nywele nyeupe, peku, anapigana kwenye mbuga. Wangapi mnamjua? Vizuri. Elena hapigi ngumi. Kila pigo lake ni mguu, hata anapokukamata anakurusha kwa miguu. Na mwendo wake ni laini ajabu. Waliomchora walimpenda, inaonekana wazi. Amerudi mwaka 2014, na mwaka 2025 ameingia tena Street Fighter 6.

Anapigana mtindo gani? Capoeira. Ya Brazili.

Msigunegune, subirini. Capoeira ni mali ya Waafrika waliopelekwa Brazili utumwani, wengi wao kutoka upande wa Angola, na wapo wanaoihusisha na mchezo wa engolo wa kusini mwa nchi hiyo. Kwa hiyo si uongo mtupu. Lakini kutoka Angola mpaka Kenya ni bara zima katikati! Mchoraji wa Osaka alitaka Mwafrika anayecheza anapopigana, akachukua kilichokuwa karibu na mkono wake. Simlaumu. Angepata wapi kingine? Nani alikuwa amemchorea?

Maana vipo. Wangapi hapa wamewahi kuona kirumbizi? Dada wa Lamu pale ananyoosha mkono, na mzee wa Pemba. Watu wawili uwanjani na bakora, zumari inalia, ngoma zinakwenda, duara la watu limewazunguka. Mmoja anashambulia, mwenzake anakinga, na vyote ndani ya mdundo. Mgeni anadhani ni ngoma tu. Mtazameni mzee anayejua: bakora inakwenda kushoto, jicho linakwenda kulia, na mguu wa nyuma umeshabeba uzito kabla yule kijana hajajua kama anashambuliwa. Ni ile ile nukta moja niliyowaambia. Mimi na mkanda wangu mweusi, mzee mmoja wa namna hiyo alinigonga kidole cha mguu mara mbili kabla sijaona bakora imetoka wapi, na watu wakacheka mpaka zumari ikanyamaza.

Hicho kitu hakuna aliyekichora kikakaa sawa. Sizungumzii kanzu na mnazi nyuma. Nazungumzia mguu wa nyuma.

Mzee wa Pemba ameniambia kabla hatujaingia kwamba bakora amekuja nayo, iko kwenye gari. Nimemwomba, amekubali. Tutaitazama filamu kwanza, ni dakika 100 hivi, toleo la Kijapani, na kipande cha bafuni nimekiruka, wazazi msihofu. Ikiisha tutasogeza viti ukutani. Mzee atasimama hapa katikati pamoja na yeyote mwenye ujasiri. Wachora katuni mkae chini mbele kabisa, karibu na miguu yao, na karatasi zenu. Na nyie wa mlangoni njooni mbele, huko nyuma hamtaona kitu.